Homoni za Dukani kwa Mizabibu, Nyanya na Pingili za Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wakulima wa zabibu, wa bustani na wenye vitalu vya miche huku Dodoma na Singida huuliza kila msimu, hasa wakitoka viwanja vya Nanenane Nzuguni na mfuko wa vichupa wasivyojua vizuri kazi yake. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hasara yake ni kubwa. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Vidhibiti ukuaji ni nini? Ni aina ya mbolea?

Hapana. Mbolea ni chakula, kidhibiti ukuaji ni amri. Mmea wenyewe hutengeneza homoni kwa viwango vidogo mno, na kwa homoni hizo hujua wapi pa kutoa mzizi, lini utoe ua, tunda liive lini na jani lianguke lini. Za dukani ama zinafanana na zile za asili, ama zimetengenezwa kiwandani ili zifanye kazi kama hiyo na zisiharibike haraka, ama zinazuia homoni ya asili isitengenezwe.

Makundi utakayokutana nayo ni auksini (IBA, NAA na, utashangaa, 2,4-D, ile dawa ya magugu), jiberelini (GA3), sitokinini, ethefoni inayotoa gesi ya ethilini, na dawa za kudumaza kama paklobutrazoli. GA3, kwa kweli, haiundwi kwa kemikali tupu. Huzalishwa na kuvu viwandani. Kuvu huyo ndiye aliyefanya mpunga wa Japani urefuke ovyo na kuanguka, na mwaka 1926 mtafiti Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba maji aliyokuzwa ndani yake kuvu huyo, hata yakichujwa, yanatosha kuurefusha mche mzima.

Busta ninayopuliza kwenye nyanya ni homoni?

Mara nyingi si homoni. Kinachoitwa busta madukani kwa kawaida ni mbolea ya majani: naitrojeni, potasiamu, zinki, boroni na wenzake. Nyingine huchanganywa na dondoo za mwani wa baharini, ambazo zina homoni kidogo ndani yake. Soma sehemu ya viambato. Ukiona N, P, K na asilimia zake, hiyo ni mbolea. Ukiona GA3, NAA, "nitrofenoleti" au "triakontanoli", hapo unashika kidhibiti ukuaji, na kanuni ya "ongeza kidogo iote vizuri" haifai tena.

Nataka kuotesha pingili za zabibu. Lazima ninunue dawa ya mizizi?

Si lazima. Mzabibu ni miongoni mwa mimea inayotoa mizizi kwa urahisi, na wakulima wa Mpunguzi, Hombolo na Mvumi wameotesha kwa miaka mingi bila unga wowote. Dawa inaweza kukupa mizizi mingi zaidi na kitalu kinachokwenda sawa. Kitalu ambacho kingekufa haitakiokoa.

Hapa Dodoma kinachoua pingili ni ukavu. Mvua zetu ni za kuanzia Desemba hadi Aprili, chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na miezi inayobaki upepo unakausha hata nguo nzito kabla ya adhuhuri. Pingili haina mizizi ya kunywea, lakini macho yake yanafumuka na majani yanaanza kutoa maji. Mkulima anaona kijani siku ya kumi na mbili, anafurahi, anapunguza kumwagilia. Wiki inayofuata kila kitu kimenyauka, naye anasema dawa ilikuwa feki. Ukiing'oa pingili ile utakuta chini hakuna mzizi hata mmoja: majani yale yaliishi kwa akiba iliyokuwa ndani ya kijiti.

Kwa hiyo fedha ya kwanza nunulia neti ya kivuli na nailoni nyeupe ya kufunika. Ikibaki, nunua unga.

Basi ni mimea gani inayofaidika na dawa kweli?

Bogenivilia, rozimari, mawaridi, mlimau, mpera na miti mingi ya mapambo ambayo wenye vitalu wameihangaikia tangu mji ulipoanza kupanuka na kila nyumba mpya ikataka ua. Mihogo haihitaji, marando ya viazi vitamu hayahitaji, mforosadi hauhitaji, mlonge unaota hata ukiuchomeka kama nguzo ya uzio. Mwembe na mparachichi ni upande wa pili: pingili zake zinakataa hata kwa dawa kali, ndiyo maana tunabebesha. Usimwamini anayekuuzia unga wa kuotesha pingili za embe.

Kwenye vichupa kuna 0.1, 0.3 na 0.8. Nichukue ipi?

Hizo ni asilimia za IBA ndani ya unga, na kwa lugha ya maabara ni ppm (sehemu katika milioni) 1,000, 3,000 na 8,000. Kijiti kilaini chenye ukijani kipe 0.1. Kilichoanza kukomaa, kikikunjwa kinapinda kwanza kabla ya kuvunjika, kipe 0.3. Kijiti kigumu cha miti migumu kuota ndicho cha 0.8. Ukishindwa kuamua, chukua dhaifu zaidi.

Natumiaje unga wenyewe?

Kata pingili asubuhi mapema, unene wa kalamu, macho matatu au manne. Chini kata karibu kabisa na kifundo, mkato ulionyooka. Juu kata mshazari, ili ukifika kitaluni usichanganye kichwa na kitako. Pingili iliyopandwa kichwa chini huhangaika sana kuota, na ukiwa na vijiti mia tano kwenye gunia, kosa hilo ni rahisi kuliko unavyofikiri.

Mimina unga kidogo kwenye kifuniko au karatasi. Usichovye kamwe ndani ya kichupa chenyewe, maana unyevu na vimelea vya kijiti kimoja vinaharibu unga wote uliobaki. Lowanisha kitako, kung'uta maji, gusisha unga sentimita moja au mbili tu, halafu gonga kijiti kwenye ukingo wa kifuniko ili wa ziada udondoke. Kinachobaki kinatakiwa kuonekana kama vumbi jembamba. Ukiona kimeganda mithili ya unga wa sembe kwenye mwiko, umezidisha.

Sasa toboa shimo kwa kijiti kingine kwanza, ndipo ushushe pingili. Wengi wanaikita moja kwa moja kwenye kiriba, mchanga unaukwangua unga wote, na mizizi inashindwa kuja palipotakiwa. Mchanga wa korongo unafaa sana, ila uoshe mpaka maji yatoke safi.

Nikiongeza dozi, mizizi itakuja haraka?

Kitako kitakuwa cheusi na kuoza, au kitavimba uvimbe usiotoa kitu, na macho ya juu yatagoma kufumuka. Auksini ikizidi inazuia machipukizi. Familia hiyo hiyo ya kemikali, dozi ikipanda, ndiyo inayouzwa kama dawa ya magugu.

Asali, mshubiri au maji ya dafu vinaweza kuchukua nafasi ya dawa?

Asali inapunguza vimelea, si homoni. Asali ya Itigi ni ghali, weka kwenye chai. Utomvu wa mshubiri una watu wanaousifia, lakini nguvu yake inabadilika mmea kwa mmea, huwezi kuipima. Maji ya dafu kweli yana sitokinini, na maabara za kuzalisha miche kwa chupa zimeyatumia tangu miaka ya 1940, ila sitokinini huamsha zaidi machipukizi kuliko mizizi. Kwa pingili isiyo na mizizi hilo ni tatizo lile lile la majani kutangulia.

Lebo inasema ppm 20. Napimaje kwenye solo (bomba la kupulizia la mgongoni)?

Ppm moja ni miligramu moja ya kiambato halisi katika lita moja ya maji. Basi.

Kidonge cha GA3 chenye gramu 1 halisi kina miligramu 1,000. Gawa kwa 20, unapata lita 50. Ukikitumbukiza chote kwenye solo ya lita 16 umepata zaidi ya ppm 62, mara tatu ya ulichoambiwa. Angalia pia asilimia: unga wa asilimia 20 unahitaji gramu 5 ili upate gramu 1 halisi. Kijiko cha chai hakipimi gramu kwa uhakika, kwa hiyo tafuta mizani ndogo ya sonara au nunua vidonge vilivyokwisha kupimwa. GA3 na IBA za unga safi haziyeyuki vizuri kwenye maji. Ziyeyushe kwanza kwa spiriti kidogo, ndipo uongeze maji huku ukikoroga.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Yanaathiri?

Ndiyo, kwa baadhi ya dawa sana. Ethefoni hukaa imetulia kwenye maji yenye uchachu. Maji yakielekea kwenye ubesi, kama ya visima vingi vinavyoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, huanza kuvunjika na kutoa gesi yake ndani ya solo kabla hujapuliza. Tumia maji ya mvua ukiwa nayo, changanya unachokimaliza saa hiyo hiyo, usilaze. Na pingili changa zikinyweshwa maji ya chumvi kila siku huungua kingo za majani, kitu ambacho watu hudhani ni dawa imezidi.

Nimeona zabibu za supamaketi ni kubwa kama tende. Nikipuliza GA3 zangu zitakuwa hivyo?

Zile kubwa zisizo na mbegu, mfano Thompson Seedless, hupulizwa GA3 karibu kila mahali zinapolimwa kibiashara. Sababu ni kwamba mbegu ndiyo inayotengeneza jiberelini inayokuza tunda. Tunda lisilo na mbegu linabaki dogo, kwa hiyo mkulima anajaza pengo hilo kwa dawa baada ya tunda kushika.

Sasa zabibu nyingi za Dodoma ni Makutupora Nyekundu, yenye mbegu, na nyingi zinakwenda kwenye mvinyo. Mbegu zake zinajitosheleza. Ukipuliza GA3 unaweza kupata vichala vyenye punje kubwa na punje ndogo ndogo zisizokua, na baya zaidi ni la msimu unaofuata: jiberelini huligeuza chipukizi ambalo lingekuwa kichala likawa ukonyo wa kujishikia. Sisi huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo msimu unaofuata hauko mbali; adhabu inakuja upesi. Tena kwa mvinyo punje kubwa si sifa. Rangi na ladha viko kwenye ganda, na punje ndogo ina ganda jingi kwa kulinganisha na maji yake.

Mwenye zabibu za mezani zisizo na mbegu na soko lake tayari, ajaribu mistari miwili kwanza, akiwa na afisa ugani au wataalamu wa TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo. Mwingine yeyote, fedha hiyo iende kwenye samadi na kupogoa vizuri.

Majani mapya ya mizabibu yangu yamejikunja kama feni, mishipa imesogeleana. Ni ugonjwa gani?

Kabla hujauliza ugonjwa, uliza jirani alipuliza nini. Dalili hizo, majani madogo yenye meno makali ukingoni, mishipa iliyobanana, ncha za matawi zilizopindapinda, ndizo za 2,4-D. Kuna virusi vya mzabibu vinavyoleta dalili kama hizo, lakini virusi havivamii mistari yote ya upande mmoja wa shamba, upande upepo unakotoka, ndani ya wiki moja.

Watu wengi hawajui kwamba 2,4-D ni auksini. Ilitokana na utafiti wa homoni za mimea wakati wa Vita Kuu ya Pili, na inaua magugu ya majani mapana kwa kuyakuza ovyo mpaka yajichoshe. Mahindi, mtama na uwele vinaivumilia. Mzabibu hauivumilii hata kidogo. Ni mmoja wa mimea inayoumia zaidi na dawa hii duniani, na kiwango kinachoudhuru hakionekani kwa macho. Nyanya, pamba na alizeti ziko kwenye kundi hilo hilo. Desemba na Januari, wakati jirani anapiga mahindi, mizabibu mingi iko kwenye majani mabichi na vichala. Huoni ajabu hapo?

Njia ya pili ya kuumia ni solo yako mwenyewe. Uliipigia magugu kwenye mahindi, ukaisuuza mara moja kwa maji, ukaweka dawa ya ubwiri ukaingia kwenye zabibu. Mabaki yaliyojificha kwenye mpira na pua ya bomba yanatosha. Kuiosha solo ya 2,4-D hadi iwe salama kwa mzabibu ni kazi ngumu mno, na mimi sioni sababu ya kubahatisha: nunua ya pili, ipake rangi nyekundu, iwe ya magugu tu maisha yake yote.

Jirani naye si adui. Mwendee kabla ya mvua za kwanza, mwonyeshe mpaka wa mizabibu, mwombe asipulize upepo ukielekea kwako, na kama ni lazima atumie 2,4-D achague ya chumvi ya amini badala ya esta, kwani esta hugeuka mvuke na kusafiri hata baada ya kupulizwa. Mizabibu iliyoguswa kidogo hupona kwa majani yanayofuata. Usiikimbilie kwa busta. Ipe maji na uiache.

Naweza kuivisha nyanya na ndizi kwa dawa?

Bibi zetu walivundika ndizi kwa moshi na majani makavu, na ndani ya moshi ule mlikuwa na ethilini. Ethefoni iliyosajiliwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa kipimo. Kabaidi ya kuchomelea vyuma ni jambo jingine: hutoa gesi ya asetilini na mara nyingi ina uchafu wa aseniki na fosforasi. Usiitumie kwenye chakula.

Rangi na utamu si kitu kimoja. Nyanya iliyochumwa changa itakuwa nyekundu na chachu. Na zabibu haivundikwi kabisa. Ikikatwa kutoka mtini, sukari yake imeishia hapo.

Maua ya nyanya yanapukutika. Kuna dawa ya kuyashika?

Ipo, ya kundi la auksini, hupulizwa kwenye kishada cha maua. Husaidia zaidi usiku wa baridi ya Juni na Julai, chavua inapogoma. Lakini matunda yake mara nyingi huwa na uwazi ndani, mepesi mkononi. Kwanza hakikisha hukosi kumwagilia kwa mpangilio, na asubuhi tikisa vijiti vilivyofungiwa nyanya ili chavua idondoke. Ni bure.

Paklobutrazoli itafanya mwembe wangu uzae mapema?

Inaweza. Inazuia mti kutengeneza jiberelini, urefu unapungua, maua yanakuja. Humwagwa kwenye udongo kuzunguka shina na hukaa humo muda mrefu, kwa hiyo ukipanda mbogamboga chini ya mwembe huo zitadumaa. Mti mchanga au wenye njaa usiuguse.

Kiduha kinamaliza mtama wetu. Homoni zinahusika?

Zinahusika sana, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye somo hili. Kiduha ni gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi na inaweza kulala ardhini miaka mingi. Haioti mpaka isikie harufu ya mzizi wa mtama au mahindi, na harufu hiyo ni homoni za mmea ziitwazo strigolaktoni. Mtama ukikosa fosforasi unazitoa kwa wingi, kuita kuvu rafiki wa mizizi, na kiduha anadukiza mwaliko usio wake. Ndiyo maana shamba lililochoka lina kiduha zaidi.

Kiduha kilipogunduliwa majimbo ya Carolina nchini Marekani mwaka 1956, waliingiza gesi ya ethilini ardhini. Mbegu zikadanganyika, zikaota bila mwenyeji, zikafa. Mitambo ile si ya mkulima wa Kongwa au Bahi. Ila karanga, kunde na pamba mizizi yake huweza kuamsha mbegu hizo bila kuzilisha, kwa hiyo mzunguko wa mazao unafanya hila ileile polepole. Samadi, mzunguko, na kung'oa kiduha kabla hakijatoa maua.

Kula mazao yaliyopulizwa homoni kunaathiri homoni za binadamu?

Auksini na jiberelini hazisomeki mwilini mwetu kama homoni. Hilo halizifanyi kuwa juisi. Kila moja ina sumu yake kwa kiwango chake, na ndiyo kazi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo. Daminozaidi, kidhibiti ukuaji kilichotumika kwenye tufaha Marekani, kiliondolewa kwenye mazao ya chakula mwaka 1989 kwa hofu ya kansa. Matikiti yaliyopasuka China mwaka 2011 ni kisa kingine: wakulima walipuliza forklorfenyuroni, kidhibiti cha kukuza tunda, kwa kuchelewa, mvua ikanyesha, na matikiti yakapasuka shambani. Walaji hawakudhurika, wakulima ndio walipata hasara.

Nitajuaje ya dukani ni halali?

Vidhibiti ukuaji husimamiwa pamoja na viuatilifu, chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mbolea za majani ziko kwa TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Tafuta namba ya usajili, lebo ya Kiswahili, jina la kiambato na asilimia yake, tarehe ya kuisha. Kichupa kisichotaja kiambato, kinachosema tu "hukuza mara tatu", kiache. Uliza pia kilikaa wapi: kilichopigwa na jua dirishani miezi sita kinaweza kuwa kimepoteza nguvu.

Nimeletewa dawa ya kuamsha macho ya mizabibu baada ya kupogoa. Kuna tahadhari?

Soma jina. Ikiwa ni hidrojeni sianamidi, ni kali: inaunguza ngozi na macho, inataka glavu, miwani, buti na ovaroli, si fulana na kandambili. Na jambo ambalo huku kwetu lazima lisemwe wazi: haipatani na pombe kabisa. Aliyeipuliza akinywa mvinyo au bia, kabla ya kazi au hata siku zinazofuata, anaweza kupata uso kuwaka, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na presha kushuka. Ikitokea, nenda zahanati na kichupa chenyewe mkononi, umwambie daktari vyote viwili: ulichopuliza na ulichokunywa.